Kupita Miteremko ya Elgon Wakati wa Mvua

Mtoto wa kaka yangu ameamua kuingia kazi yangu ya kununua kahawa, na msimu huu atapanda Bududa, kwenye Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, peke yake kwa mara ya kwanza. Bei ataijua, mizani ataijua, na kahawa iliyokauka ataitambua kwa kuuma punje. Ninachotaka akijue kabla ya hayo yote ni udongo, na jinsi unavyoporomoka. Nilianza kumwandikia yeye, halafu nikawafikiria wengine wanaopita njia zilezile: walimu waliopangiwa shule za juu, wauguzi wa chanjo, vijana wa boda, watu wanaokwenda mazishini. Basi na wao wasome.

Nimepita huko miaka kumi na minne. Kutoka Mbale napanda teksi hadi Bududa mjini, kisha boda hadi pale njia inapomshinda dereva, na kuanzia hapo ni miguu yangu na punda wa kukodi. Arabika yetu huvunwa kwa wingi kuanzia Septemba hivi hadi kuelekea Januari, kwa hiyo mavuno yanakutana uso kwa uso na mvua za Oktoba na Novemba. Hatuwezi kungoja kiangazi. Tunapanda na mvua, basi tujue kupanda nayo.

Chini ya nyasi

Masaba, ndiyo Elgon yenyewe, ni volkano ya kale iliyozimika. Mwamba wake umeoza polepole ukawa udongo mzito, wenye rutuba, na sehemu nyingi za Bududa udongo huo una mfinyanzi mwingi. Mvua ya siku moja hulowesha juu tu, maji mengine yakateremka. Ikifika siku ya tatu, ya nne, maji yameshazama ndani mpaka kwenye mwamba au tabaka gumu yasiloweza kulipenya, na hapo yanatuama. Udongo wa juu umelemewa, na chini yake pana utelezi. Ukifika hapo, mvua kubwa ya saa mbili inatosha kuuangusha.

Zamani mizizi ya msitu ilishikilia. Siku hizi mashamba yamepanda juu, na kila anayejenga hukata mteremko apate mahali pa kusimamisha nyumba. Anapokata, anaondoa mguu ambao udongo wa juu yake ulikuwa umesimamia. Siwalaumu. Serikali ilihamishia baadhi ya familia Kiryandongo, mbali na mlima, baada ya 2010, na baadaye wengine Bunambutye, kwenye tambarare za Bulambuli, na bado wapo waliorudi, kwa sababu kahawa yao iko juu, na makaburi ya wazee wao yako juu.

Zikumbuke tarehe hizi za maporomoko ya udongo kama unavyokumbuka tarehe za msiba wa nyumbani. Tarehe 1 Machi 2010, Nametsi. Tarehe 25 Juni 2012, Bumwalukani. Tarehe 11 Oktoba 2018, Bukalasi. Tarehe 27 Novemba 2024, Bulambuli. Machi, Juni, Oktoba, Novemba. Mtu akikuambia kuna miezi fulani tu ya kuogopa, msomee hizo.

Nametsi udongo ulifunika kituo cha afya na maduka, na miongoni mwa waliokuwamo ni watu waliokimbilia hapo kujikinga mvua. Bukalasi mambo yalianza juu kabisa mlimani, lakini udongo uliingia mtoni, ukawa tope lenye mawe makubwa, ukateremka na mto hadi kwenye makazi na soko, ukaua watu zaidi ya 40. Wengi wao hawakuwa kwenye mteremko uliomeguka. Walikuwa mahali udongo unapofikia. Nakuomba uisome tena sentensi hiyo, maana karibu kila ninachokuelekeza hapa chini kinatoka humo: ukiwa njiani Elgon, usiangalie tu unapokanyaga, angalia pia kilicho juu yako na kitakapopitia kikishuka.

Siku tatu kabla

Safari salama huanzia Mbale. Usiulize leo kuna mvua au hapana. Uliza siku tatu, nne zilizopita zilikuwaje, kule juu, maana Mbale jua linaweza kuwaka wakati Bukalasi wamelala na kuamka na mvua. Sikiliza pia redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu na wilaya za Elgon hutajwa kwa majina. Lakini utabiri wa msimu hautakuambia habari za korongo moja. Kwa hiyo mimi huwapigia watu watatu: mmoja anayekaa juu, mmoja anayekaa karibu na mto, na kijana wa boda anayepita kila siku. Wa juu nitamuuliza mvua. Wa mtoni nitamuuliza rangi ya maji. Wa boda nitamuuliza ni wapi ameanza kushuka na kusukuma.

Mama anayeniuzia kahawa kule juu nilimpa kopo la kawaida lenye kuta zilizonyooka, akaliweka uwanjani mbali na paa na migomba. Kila asubuhi anatumbukiza rula ya mtoto wa shule, ananisomea milimita, kisha anamwaga. Kopo kama hilo halidanganyi: kina cha maji ndicho kipimo cha mvua. Akinisomea namba kubwa asubuhi tatu mfululizo, siendi, hata siku ya nne ikipambazuka kweupe. Siku hiyo ya nne ndiyo inayowadanganya watu. Jua limetoka, njia imeanza kukauka juu, na ndani ya mlima maji bado yapo.

Fedha inayokuvuta

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kumsimulia baba yako.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Novemba, nilikuwa nimelipia magunia kumi na moja kabla ya kuyabeba. Fedha haikuwa yangu yote; nusu ilikuwa ya mnunuzi mkubwa wa mjini aliyekuwa akinipigia simu asubuhi na jioni akitaka mzigo. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Mama wa kopo aliniambia nisiende. Nikaenda. Nilifika jioni, nimelowa, magunia yakawekwa kwenye stoo ya mabati karibu na kijito, na mimi nikasema nitalala humo humo niyalinde.

Bibi mmoja wa kijiji kile alikuja na taa. Alisimama mlangoni akanisalimia, "Mulembe, mwanangu." Nikaitikia. Akasema, "Hapa hatulali." Nikamwambia, "Mama, kahawa ni ya watu." Akajibu, "Kahawa ilale. Wewe panda." Alinishika mkono kama mtoto mdogo, tukapanda gizani hadi kwenye kigongo cha mlima walipokuwa wamelala wajukuu zake, kwenye kibanda kisichokuwa na hata mlango.

Asubuhi stoo ilikuwa imesimama, lakini tope lilikuwa limeingia kwa nyuma likafika kiunoni. Magunia yangu yalikuwa ndani ya tope hilo. Mahali nilipokuwa nimetandika mkeka palikuwa na jiwe ambalo wanaume wawili walishindwa kulisogeza.

Tangu siku hiyo silipii kahawa nisiyoweza kuishusha siku ileile. Natoa neno, natoa malipo kidogo ya kuonyesha nia, basi. Mtu aliyelipa anapanda hata mlima ukimkataza, kwa sababu fedha yake iko juu inamwita. Na mnunuzi wa mjini akikupigia simu, mpe hesabu ya mvua, umwambie siku utakayopanda utaijua kesho. Asipokubali, wapo wengine.

Kuusoma mteremko

Kwanza kipimo cha ukali. Chukua fimbo ya mita moja. Elekea bondeni, gusisha ncha moja ya fimbo kwenye mteremko, nyoosha nyingine mbele yako ikiwa sawa kama meza. Kutoka ncha ya mbele shusha uzi wenye kijiwe hadi ardhini. Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 58, mteremko una nyuzi 30. Ukilingana na fimbo yenyewe, ni nyuzi 45. Fanya hivyo mara kumi kwenye miteremko tofauti na jicho lako litajifunza, hutahitaji fimbo tena.

Kipimo hiki nilifundishwa na mgeni kutoka Uswisi aliyekuja kuona kahawa inavyooshwa. Tulikuwa tumesimama tukitazama kovu jekundu mlimani, akauliza, nikamweleza. Akasema kwao ni theluji inayofanya hivyo. Theluji mpya au iliyosukumwa na upepo hukaa juu ya tabaka dhaifu lililofunikwa chini, na uzito wa mtu mmoja anayepita unaweza kulikata bamba zima, likashuka naye. Hatari kubwa kwao iko kati ya nyuzi 30 na 45. Anayekwenda kwenye miteremko hiyo wakati wa baridi hushauriwa kubeba kifaa cha kutoa mawimbi ya redio chini ya koti, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, kwa sababu aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi au kumi na tano mara nyingi huwa hai, na baada ya nusu saa matumaini hupungua sana.

Niliyachukua mengi kwake, lakini mambo mawili usiyahamishe kama yalivyo. Udongo wetu huteleza hata mahali ambapo jicho linasema pamelala, kwa hiyo chini ya nyuzi 30 si ruhusa ya kulala usingizi. Na tope ni zito kuliko theluji. Hakuna kifaa cha kukusaidia ukiwa chini yake. Sisi kinga yetu ni kutokuwapo.

Baada ya ukali, tazama umbo. Mteremko uliobonyea kama kiganja hukusanya maji kutoka pande zote, na hapo ndipo panapomeguka mara nyingi. Uliotuna kama mgongo wa ng'ombe humwaga maji kando. Njia ikikupa kuchagua, fuata mgongo hata kama ni ndefu zaidi.

Kisha tafuta dalili, na usione haya kusimama. Nyufa ardhini, hasa zinazopinda kama mwezi mchanga juu ya shamba: hiyo ni sehemu ambayo imeshaanza kuachana na mlima. Ufa ukiwa na kingo kali na udongo mbichi ndani ni wa karibuni. Ulioota majani ni wa zamani, lakini maji ya mvua huuingia vilevile. Mikaratusi iliyoinamia bondeni yote pamoja. Migomba iliyolala bila upepo. Chemchemi mpya mahali pakavu, au ya zamani inayotoa maji ya tope. Mwenye nyumba akikuambia mlango umeanza kukwama wiki hii, au ukuta umepasuka, usimjibu kwamba ni fundi mbaya. Nyumba yake inatembea.

Dalili moja ikisimama mbele yako, acha yote: kijito kilichokuwa kimejaa kikipungua ghafla huku mvua bado inanyesha. Maji hayajaisha. Kuna udongo umeanguka juu ukaziba, na maji yanajikusanya nyuma yake. Bwawa hilo likipasuka, linashuka lote kwa pamoja. Panda kando ya bonde mara moja, na upige kelele walio chini wasikie.

Kuvuka

Vuka asubuhi. Elgon mvua nyingi huanza mchana kuendelea, kwa hiyo mimi huwa nimeshapita sehemu mbaya kabla ya saa tano, na saa saba nikiwa bado juu, nimelala hukohuko. Sishuki jioni kwa sababu ya kukimbilia teksi ya mwisho.

Kwenye korongo au kovu la zamani, vukeni mmoja mmoja. Wengine wanasubiri mahali salama, juu ya mgongo, macho yao yakiwa juu mlimani, na mmoja ana filimbi. Anayevuka havuki kwa kukimbia wala hasimami katikati kupiga picha. Akifika ng'ambo anapanda kwenye mgongo, ndipo wa pili anaanza. Watu wanacheka wanapoona wanunuzi wa kahawa wamejipanga hivyo kama watoto wa shule. Waache wacheke. Mkivuka kumi kwa pamoja na udongo ukaja, hakuna atakayebaki kuwatafuta.

Punda usiwafunge kamba moja kwa mwingine. Akiteleza mmoja anawachukua wote. Na wewe mwenyewe, kamba ya mzigo iliyopita kifuani au kwenye paji la uso ilegeze kabla ya kuvuka, uweze kuutupa mzigo kwa mkono mmoja. Gambuti ziwe za kubana. Zile pana tope linazishika, nawe unabaki umesimama kwenye mguu mmoja mahali ambapo hukutakiwa kusimama.

Mvua ikikukamata njiani, mwili wote utakutuma ukimbilie chini ya ukingo, chini ya kibanda, chini ya mgomba mkubwa kwenye kingo za mto. Ukatalie. Lowana. Nenda kwenye mgongo, mbali na mti mrefu ulio peke yake kwa ajili ya radi, uchuchumae. Nguo zitakauka. Nimebeba kavera kubwa, yaani mfuko wa plastiki, kwenye mfuko miaka yote hii kwa ajili ya hilo tu.

Barabarani pia kuna maji. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika hapahapa Mbale, na watu walikufa mjini, ndani ya magari, mbali kabisa na mteremko wowote. Dereva wa teksi akitaka kujaribu maji yanayopita juu ya daraja, shuka. Nauli mwachie.

Mahali pa kulala

Kwenye kigongo. Kama hakuna kigongo, basi mahali palipo mbali na mdomo wa korongo na mbali na ukingo wa mto, kwenye nyumba ambayo nyuma yake hakukukatwa ukuta wa udongo. Ukikuta nyumba imekatwa hivyo na huna pengine, lala chumba cha upande wa bondeni. Vaa nguo zako, viatu mlangoni, tochi mkononi. Kabla hakujawa giza, toka nje utembee njia utakayokimbilia, kwa miguu yako, uhesabu hatua. Mwambie mwenyeji unachofanya. Hatakasirika, wenyeji wa Bukalasi wanajua kuliko mimi na wewe.

Usiku ukisikia mngurumo kama lori linalopanda mahali pasipo barabara, au miti ikivunjika, usitoke kuangalia. Kimbia. Usikimbilie chini, kwa sababu udongo unakwenda chini kwa kasi kuliko wewe. Kimbia pembeni, kuelekea mgongo ulio karibu. Ukikamatwa, funika mdomo na pua kwa mikono, uache nafasi mbele ya uso.

Udongo ukitulia, mlima haujamaliza. Mara nyingi kipande cha pili hufuata. Kabla watu hawajaingia kuchimba, weka mtu mmoja kigongoni mwenye macho mazuri na filimbi, kazi yake iwe kutazama juu tu. Hesabuni watu kwa nyumba: nani alilala wapi. Piga 999 au 112. Bondeni mtandao hupotea, kwa hiyo mtume kijana apande hadi upatikane. Mpigie pia mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, atawaita Msalaba Mwekundu na watu wa wilaya. Mimi hubeba jembe dogo na kamba ya mita ishirini kila safari, na mara mbili vimetumika kwa watu nisiowajua.

Simu yako na betri ya akiba vifunge ndani ya kavera, kisha ndani ya kavera nyingine. Ukivuka korongo la mwisho asubuhi, nitumie neno moja tu: "Nimevuka." Na kila jioni, kabla giza halijaingia, nitumie jina la kigongo utakacholala. Jina la kijiji halinitoshi, mwanangu, kijiji kina watu wa juu na watu wa mtoni. Nitumie jina la kigongo. Nitakuwa macho nikilisubiri.